Wit, wot, wist: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kitenzi cha kale cha Kiingereza

Anayesoma Biblia ya King James, tamthilia za Shakespeare au hati ya mashtaka iliyoandikwa kwa Kiingereza hukutana na maneno haya, na mara nyingi kamusi ndogo ya mfukoni haimsaidii. Majibu yaliyo hapa chini yanawalenga wasomaji, wafasiri, walimu wa fasihi na makarani wa mahakama. Mahali palipo na mtego tumekaa zaidi.

Haya ni maneno matatu au ni moja?

Ni kitenzi kimoja chenye maana ya "kujua". Sura zake zinatofautiana kwa wakati:

Kitenzi-jina: to wit
Wakati uliopo: I wot, thou wost (au wottest), he wot, we wot, ye wot, they wot
Wakati uliopita: I wist, thou wistest, he wist, we wist, ye wist, they wist
Hali timilifu: I have wist
Umbo la -ing: witting

Kwa hiyo "I wot" ni "najua", "I wist" ni "nilijua", na "to wit" ni "kujua". Anayeona "wist" akadhani ni wakati uliopo amekosea wakati mzima wa sentensi, na hilo ndilo kosa linalojitokeza zaidi kwa wasomaji wapya.

Katika Kiingereza cha kale zaidi, wingi wa wakati uliopo ulikuwa na irabu ya "i": "we witen", sisi twajua. Baadaye "wot" ilienea hadi kwenye wingi, na hiyo ndiyo utakayoikuta katika maandishi ya karne ya 16 na 17.

Kwa nini irabu inaruka kutoka "i" hadi "o"? Na mbona "he wot" haina -s?

Hapa msomaji wa Kiswahili ana nafuu kuliko mzungumzaji wa Kiingereza mwenyewe. Fikiria "amesimama". Kwa umbo ni tendo lililokwisha, lakini maana yake ni hali iliyopo sasa hivi: mtu yuko wima. Vivyo hivyo "amelala" au "amechoka". Kitenzi hiki cha Kiingereza kilizaliwa kwa njia hiyo hiyo. Mzizi wake wa kale ulikuwa na maana ya "kuona", ndio huo huo uliozaa "videre" ya Kilatini. Umbo lililomaanisha "nimeona" likaja kueleweka kuwa "najua", kwa sababu aliyekwisha kuona anajua. Kigiriki cha kale kina "oida" na Kisanskriti kina "veda", yote mawili yakiwa na maana ya kujua, na yote yametoka kwenye mzizi huo.

Basi "wot" kwa asili ni umbo la wakati uliopita lililopewa kazi ya wakati uliopo. Vitenzi vya wakati uliopita katika Kiingereza havipokei -s wala -th kwa nafsi ya tatu, ndiyo maana ikawa "he wot". Wenzake wa kundi hilo bado wako hai: "can", "may", "shall" na "must". Hakuna asemaye "he cans". Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza amekaririshwa kanuni hiyo, ila ni wachache walioelezwa chanzo chake.

Kwa kuwa umbo la uliopita lilikuwa limeshahamia kwenye wakati uliopo, kitenzi kilihitaji wakati uliopita mwingine. Ndipo likaundwa "wist".

Lakini nimeona "wotteth" na "wots". Ni makosa?

Hapana, ni maumbo ya baadaye. Watu walipoanza kuisahau kanuni ya zamani waliivisha "wot" viambishi vya kawaida. Katika Mwanzo 39:8 ya King James, Yusufu anamwambia mke wa Potifa kwamba bwana wake "wotteth not what is with me in the house". Biblia ya Kiswahili ya Union inasema tu "hajui". Shakespeare naye ana "wots" katika Titus Andronicus: "More water glideth by the mill / Than wots the miller of", yaani maji yanayopita kwenye kinu ni mengi kuliko anavyojua msagaji. Ukiandika tamthilia iliyowekwa katika karne ya 14 tumia "he wot". Kwa mwaka 1600 hivi, yote mawili yanakubalika.

Ni wapi katika Biblia ya King James ninakutana nacho?

Mahali pengi. Haya ni machache ya kufanyia mazoezi, pamoja na maana:

Mwanzo 21:26, "I wot not who hath done this thing": sijui ni nani aliyetenda jambo hili.

Kutoka 16:15, kuhusu mana, "they wist not what it was": hawakujua ni kitu gani.

Waamuzi 16:20, Samsoni baada ya kunyolewa, "he wist not that the LORD was departed from him": hakujua kwamba Bwana amemwacha.

Luka 2:49, "wist ye not that I must be about my Father's business?": hamkujua? Huyu ni Yesu wa miaka kumi na miwili akiwajibu wazazi wake hekaluni.

Matendo 3:17, "I wot that through ignorance ye did it": najua kwamba mlitenda kwa kutokujua.

Wafilipi 1:22, "what I shall choose I wot not": nitakalochagua silijui.

Tazama mahali pa "not". Daima inakuja baada ya kitenzi, wala hakuna "do" ya kusaidia. Swali nalo hugeuza mpangilio tu: kitenzi kwanza, kisha nafsi, kisha "not". Mtu anayezijua kanuni hizo mbili anasoma aya hizi bila kukwama.

Ukiwa mhubiri na unasoma aya ya King James mbele ya watu, usiibadilishe "wist" kuwa "wish". Inatokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, na Luka 2:49 inageuka kuwa "hamtamani?", jambo lisilohusiana kabisa na kisa.

"To wit" inamaanisha "kujua" au "yaani"?

Inategemea, na katika kitabu kimoja utazikuta zote mbili. Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote.

Kutoka 2:4, dada yake Musa anasimama mbali "to wit what would be done to him". Hapa ni kitenzi halisi: ili ajue yatakayompata. Mwanzo 24:21 iko hivyo hivyo. Mtumishi wa Ibrahimu ananyamaza akimtazama Rebeka, "to wit whether the LORD had made his journey prosperous or not": apate kujua kama safari yake imefanikiwa.

Sasa fungua Warumi 8:23: "waiting for the adoption, to wit, the redemption of our body". Hapa hakuna anayejua wala kutafuta kujua. Ni "yaani", na Union Version imeandika hivyo hivyo: "yaani, ukombozi wa mwili wetu". 2 Wakorintho 5:19 nayo inaanza na "To wit" kwa maana hiyo.

Namna ya kuzitofautisha: tazama kinachofuata. Kikifuata kishazi cha swali chenye "what", "whether", "who" au "how", basi ni kujua. Kikifuata kitu kilichotajwa, tena koma ikiwa imetangulia na nyingine imefuata, ni "yaani". Koma peke yake isikutoshe, maana wapiga chapa wa zamani waliziweka walivyopenda.

Maana ya "yaani" ilitokana na fungu refu, "that is to wit", hilo ni la kujulikana. Wanasheria wa Uingereza baada ya 1066, mwaka Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka nchi hiyo, walifanya kazi yao kwa Kifaransa kwa miaka mingi, na Kifaransa kilikuwa na fungu lake la namna hiyo, "c'est à savoir". Fungu la Kiingereza likapata nguvu humo, likafupishwa, na likabaki kwenye karatasi za mahakama wakati kitenzi chenyewe kimekwisha kutoka midomoni mwa watu.

Katika hati ya mashtaka, "to wit" inafanya kazi gani hasa?

Inaunganisha jina la jumla la kitu kilichotajwa na sheria na kitu chenyewe kilichokamatwa. Chukua mfano wa namna mashtaka ya nyara za Serikali yanavyoandikwa Tanzania kwa Kiingereza: mshtakiwa "was found in unlawful possession of Government trophies, to wit, two pieces of elephant tusks". Sheria inasema "nyara". Polisi wamekamata vipande viwili vya meno ya tembo. "To wit" ndiyo inayosema kwamba nyara tunazozizungumzia hapa ni hizo, wala si nyingine.

Kwa hiyo kinachoandikwa baada ya "to wit" ndicho upande wa mashtaka utakachotakiwa kukithibitisha: idadi, aina, uzito na thamani kama vimetajwa. Hati ikisema vipande viwili na hati ya ukamataji ikasema vitatu, wakili wa utetezi ataanzia hapo. Karani anayechapa asichukulie sehemu hiyo kuwa mapambo.

Nitafsirije kwa Kiswahili?

Katika hati ya mashtaka, "yaani" inatosha: "alipatikana na nyara za Serikali, yaani vipande viwili vya meno ya tembo". "Ambavyo ni" au "ambazo ni" pia ni sahihi, na wengine huipendelea kwa sababu inafunga uhusiano wa kisarufi na nomino iliyotangulia, ila lazima upatanishe ngeli vizuri. Tangu Tanzania ibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, kazi hii ya kugeuza fomula za Kiingereza imekuwa ya kila siku.

Usiandike "kama vile". "Kama vile" inatoa mfano na kuacha mlango wazi kwa vitu vingine. "To wit" inafunga mlango. Na usitafsiri neno kwa neno, maana "wit" ya leo ni nomino ya akili au ucheshi, nawe utaishia na "kwa akili, vipande viwili vya meno ya tembo".

Inatofautianaje na i.e., e.g. na viz.?

"E.g." ni mifano tu, sawa na k.m. yetu. "I.e." ni kueleza upya kwa maneno mengine. "Viz." ndiyo pacha wa "to wit": ni kifupi cha "videlicet" ya Kilatini, "inaruhusiwa kuona", na hutaja kikamilifu kile kilichogusiwa. Hiyo "z" si herufi ya Kilatini bali ni mabaki ya alama ya ufupisho ya waandishi wa zama za kati. Katika barua ya kawaida ya kazi tumia "namely". "To wit" nje ya sheria inasikika kama mzaha au majivuno, na waandishi wa magazeti ya Kiingereza huitumia kwa makusudi hayo.

Tahajia: maneno mawili, koma kabla na baada. "To-wit" yenye kistari utaikuta katika nyaraka za zamani za Marekani. Usiinakili katika kazi mpya.

"We do you to wit" ni Kiingereza gani?

Iko 2 Wakorintho 8:1. "Do" hapa si kitenzi kisaidizi. Ina maana ya "kusababisha". Kusababisha mtu ajue ni kumjulisha, basi "we do you to wit" ni "twawajulisha". Kiswahili kinabeba kazi yote hiyo kwa kiambishi kimoja, -ish-.

Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, anaandika "noot". Ni kosa la uchapaji?

Hapana. Ni "ne woot" iliyobanwa: sijui. Kiingereza cha karne ya 14 kiliweka kikanushi "ne" mbele ya kitenzi, na mbele ya "w" viliungana. Katika utangulizi wa Canterbury Tales, baada ya kumweleza mfanyabiashara kwa kirefu, mavazi, ndevu, madeni aliyoyaficha, Chaucer anamaliza: "But, sooth to seyn, I noot how men hym calle". Kusema kweli, sijui watu wanamwitaje. Wakati uliopita wake ni "nyste", sikujua. Tahadhari: mara nyingine tahajia ni "not" tu, na msomaji wa leo anatafuta kitenzi asikione.

Na "I wis"?

Hilo ni kosa lililopata heshima. Kulikuwa na kielezi "iwis", maana yake "hakika", ndugu wa "gewiss" ya Kijerumani. Wanakili walipoitenga "i" na wengine wakaiandika kwa herufi kubwa, wasomaji wa baadaye wakaona nafsi na kitenzi: "I wis", najua. Washairi wa karne ya 19 wakaitumia hivyo. Macaulay, mwandishi wa Uingereza, anayo katika mashairi yake ya Roma ya kale ya 1842. Ukiikuta katika maandishi ya kabla ya karne ya 16, ifasiri "hakika". Katika mashairi ya karne ya 19, mwandishi mwenyewe huenda aliamini ni "najua", nawe mfuate yeye.

"God wot" ni kiapo?

Ni msisitizo, karibu na "Mungu ndiye ajuaye" au "Wallahi" iliyopoa makali. Katika tamthilia ya Shakespeare, Hamlet ananukuu mstari wa wimbo wenye "As by lot, God wot". Kwa sababu inapatana vina na "lot" na "not", washairi wadogo waliitumia kujaza mistari hadi ikachosha.

"Wot" ninayoiona kwenye mitandao ndiyo hii?

Siyo. Hiyo ni "what" iliyoandikwa kwa matamshi ya mtaani ya Uingereza. Wakati wa vita vya pili vya dunia ilichorwa ukutani pamoja na kichwa chenye pua ndefu kikichungulia, "Wot, no sugar?", kulalamikia uhaba.

"Had I wist" ina maana gani?

"Ningalijua". Ilikuwa methali kamili: "Beware of had-I-wist", jihadhari na ningalijua. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo zaidi, kwani ningalijua huja nyuma. Katika baadhi ya matini imeandikwa kwa vistari kama nomino moja, na hapo itafsiri kama nomino: "majuto".

Kwa nini kitenzi kilitoweka?

Kiingereza kilikuwa na vitenzi viwili kama Kijerumani kilivyo hadi leo na "wissen" na "kennen": kimoja cha kujua habari, kingine cha kumjua mtu au kitu. "Know" ikameza kazi zote mbili. "Wit" yenyewe ilikuwa na maumbo yasiyofanana na ilifanana kwa sauti na nomino "wit", basi ilikuwa mnyonge kwenye mashindano hayo. Wafasiri wa Biblia ya King James ya 1611 tayari walitumia "know" mahali pengi zaidi. Nyingi kati ya "wist" zao walizirithi kwa Biblia za Kiingereza zilizotangulia, likiwemo Agano Jipya la mfasiri Tyndale la 1526.

Mabaki yapo: "unwitting" na "wittingly" (bila kujua, kwa kujua, maneno ambayo mwanasheria anayatumia kila wiki), "witness", "witless", "outwit", "at one's wits' end". Baraza la wafalme wa Waingereza wa kale, Witenagemot, lilikuwa mkutano wa wajuzi. Lakini "twit", kumkejeli mtu, imetoka kwenye kitenzi kingine cha kulaumu, na "wistful" usiitumie kubashiri maana ya "wist".

Naandika mchezo wa kuigiza wenye Kiingereza cha kale. Niepuke nini?

"I wotted": wakati uliopita ni "wist". "I am wotting": haikuwepo kwa maana hiyo. "Didst thou wist?": baada ya "didst" kinakuja kitenzi-jina, "wit", na hata hivyo "Wistest thou?" inasikika vizuri zaidi. "I do not wot": andika "I wot not". "He wist" kwa maana ya anajua: ni alijua. Pia usilitie kila mahali. Wahusika wa Shakespeare husema "know" karibu kila mara, na "wot" huja kwa nadra, mara nyingi kwa vina au kwa mzaha.

Yanatamkwaje?

"Wot" hutamkwa kama "what" ya kusini mwa Uingereza, o fupi. "Wist" ina i fupi kama "list". "Wotteth" ni silabi mbili, mkazo wa kwanza.

Nikitafuta kwenye kamusi nianzie wapi?

Kamusi kubwa za Kiingereza huweka maelezo makuu chini ya kitenzi "wit", si "wot" wala "wist". Kwenye hayo mawili mara nyingi utakuta tu mshale wa kukurudisha. Kwa kuwa "wit" ina nomino pia, ruka ingizo la nomino na utafute lililoandikwa "v." au "verb". Katika Kamusi ya Oxford ndogo ya wanafunzi huenda ukakuta "to wit" peke yake chini ya nomino, bila kitenzi kabisa. Ukifika hapo, chukua kamusi ya kihistoria au kamusi ya Kiingereza cha kati, ambako kichwa cha habari ni "witen".